Buibui, mhandisi wa ua wa kayaba

Je, msomaji, umewahi kutoka nje alfajiri, baada ya mvua ya usiku, ukakuta utando wa buibui umetandazwa kati ya ua na nguzo ya lango, kila uzi ukiwa umevaa shanga za maji? Na je, ulifanya nini? Ikiwa wewe ni kama wengi wetu hapa mjini, uliupangusa kwa mkono, ukajifuta uso, ukanung'unika kidogo na kwenda zako kutafuta matatu. Au ulimwita mtu aje na fagio. Ni jambo la sekunde mbili. Lakini kazi uliyoibomoa ilifanywa gizani kwa muda wa karibu saa nzima, na fundi wake hakuwa na taa, ramani, timazi wala pimamaji.

Nakuomba uliache fagio nyumbani kwa asubuhi moja tu, twende tukaitazame kazi hiyo kabla haijabomolewa. Na pa kwenda nimekuchagulia mahali ambapo huenda hukutarajia: Upper Hill.

Upper Hill wengi wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako karibu kila jamaa ya Nairobi imewahi kumpeleka mgonjwa. La pili ni maghorofa. Jengo la UAP Old Mutual, lenye orofa 33, lilifunguliwa mwaka wa 2016. Mwaka uliofuata likamalizika jengo la Britam, lenye urefu wa mita 200 hivi, ambalo ncha yake unaiona hata ukiwa mbali katika barabara ya Mombasa. Mtu akikutajia uhandisi na Upper Hill kwa pamoja, akili yako inakwenda huko juu moja kwa moja.

Lakini mlima huu ulikuwa na sura nyingine. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, stesheni na karakana ziliwekwa kule chini kwenye tambarare yenye kinamasi, nao wakubwa wa reli na wa serikali ya kikoloni wakajijengea nyumba huku juu, pasipotuama maji. Zilikuwa nyumba za chini, zenye veranda na bustani pana, na kila bustani ilizungushiwa ua wa mimea. Hadi leo, ukipita barabara za ndani kama Ragati, Matumbato au Menengai, utakuta masalio yake: kayaba yenye miiba mirefu, bogainvilia iliyokosa mtu wa kuipogoa, mti mkubwa ulioachwa katikati ya maegesho ya magari. Pale ndipo penye Upper Hill ya buibui.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukuta mtupu wa saruji humpa buibui upande mmoja tu wa kushikia. Yeye anahitaji pande mbili zinazotazamana, na katikati yake mwanya ambao nzi, mbu na nondo huupitia. Ua wa kayaba uliozeeka una mianya ya namna hiyo kila hatua mbili tatu.

DARAJA LA KWANZA

Tuanze na kitendawili kinachowasumbua watoto wengi. Buibui hana mabawa. Amesimama kwenye tawi la kayaba, na nguzo ya lango iko mita mbili mbele yake. Atauvushaje uzi wake?

Huuachia upepo. Hupanda mahali palipo wazi, akainua tumbo lake juu na kutoa uzi mwembamba kiasi kwamba hewa kidogo tu inatosha kuubeba. Uzi huo huelea, hurefuka, na mwishowe hunasa mahali. Buibui huuvuta kwa mguu kuhakikisha kwamba umeshika. Ukilegea, huukunja na kuanza upya. Ukishika, huufunga upande wake, kisha huvuka juu yake huku akiutandika uzi mwingine ulio imara zaidi. Hapo daraja tayari.

Baada ya hapo hufanya jambo ambalo fundi yeyote wa mawe atalitambua. Kutoka katikati ya uzi uliolegea hujiangusha chini akiwa ananing'inia kwa uzi mpya, kama vile timazi linavyoning'inia, hadi aguse tawi au jani. Huko huukaza. Ukitazama kwa mbali utaona herufi Y, na pale mikono mitatu ya hiyo Y inapokutana ndipo kitovu cha utando wote.

Kisha huja nyuzi za pembeni zinazofanya fremu, na baada yake nyuzi zinazotoka kitovuni kwenda pembeni kama spoki za gurudumu la baiskeli. Kwa kawaida huwa kati ya 20 na 40, kutegemea aina ya buibui. Angalia hapa jinsi anavyofanya kazi: hazitandiki moja baada ya nyingine kwa kuzunguka upande mmoja. Huweka moja huku, nyingine upande wa pili, ili mvuto usielemee upande mmoja na kuupinda utando mzima. Baada ya kila spoki hurudi kitovuni, akapapasa kwa miguu ya mbele akipima pengo lililobaki. Pengo likiwa pana mno, spoki nyingine huongezwa. Mguu wake ndio rula yake.

Tufike sasa kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Spoki zikitimia, buibui huanzia kitovuni na kuzunguka kuelekea nje, akiacha uzi mmoja wenye mizunguko michache iliyoachana sana. Uzi huu haunati. Anayeutazama kwa mara ya kwanza hudhani utando umekwisha na fundi ni mvivu. La hasha! Hilo ni jukwaa la ujenzi tu, sawa na yale ya mabomba na mbao ambayo mafundi husimamia wanapopiga plasta. Akifika nje kabisa, buibui hugeuka. Anaanza kurudi ndani akitandika uzi wa pili, huu sasa wenye gundi, mizunguko yake ikiwa imekaribiana. Na kila anapopita hulikata lile jukwaa la kwanza na kuliondoa. Anapokaribia tena kitovuni, jukwaa halipo, mtego upo.

Mengi ya haya hufanyika kabla hakujapambazuka. Isitoshe, buibui wengi wa tando za duara, ingawa wana macho manane, huona vibaya. Kazi nzima huifanya kwa kupapasa. Wala hakufundishwa na mama yake. Mtoto wa buibui aliyetoka kwenye yai siku chache zilizopita, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, hufuma utando wa duara uliokamilika, mdogo kama sarafu.

Ukiutazama utando huo vizuri, utagundua pia kwamba si duara kamili. Kitovu kimesogea juu, na nusu ya chini ni kubwa zaidi. Si kosa. Buibui hukaa kitovuni kichwa kikiwa chini, na hukimbia upesi zaidi akiteremka kuliko akipanda. Basi anaweka sehemu kubwa ya mtego pale anapoweza kufika haraka.

UZI SI MMOJA

Watu husema "uzi wa buibui" kana kwamba ni kitu kimoja. Buibui wa kike wa tando hizi ana tezi za aina saba hivi ndani ya tumbo lake, na kila aina ina kazi yake: uzi wa fremu na spoki, uzi wa jukwaa, uzi wa kuzunguka, gundi ya kuupaka, saruji ya kugandisha nyuzi kwenye tawi, uzi wa kufungia mawindo, na uzi wa kufunikia mayai. Ndani ya tezi huwa ni majimaji ya protini. Hugeuka kuwa uzi mgumu njiani, vinapovutwa kupitia vitundu vilivyo nyuma ya tumbo.

Uzi wa spoki, ukipimwa kwa uzito ulio sawa, hustahimili mvuto mkubwa kuliko chuma cha pua. Jambo hilo limeandikwa sana hata likazoeleka, na kwa maoni yangu si hilo la kustaajabisha zaidi. Chuma kinakatika bila kunyumbuka sana. Uzi wa spoki hurefuka kwa karibu theluthi moja kabla ya kukatika, na ule wa kuzunguka unaweza kurefuka mara mbili au tatu ya urefu wake.

Fikiria nzi anayekuja kwa kasi. Kama utando ungekuwa mgumu, ama ungepasuka au ungemrudisha alikotoka. Kama ungekuwa mpira mtupu, ungemtupa nyuma kama teo. Utando hufanya kama kipa hodari anayeudaka mkwaju mkali: haikakamazi mikono bali huirudisha nyuma kidogo pamoja na mpira, mpaka kasi iishe. Sehemu kubwa ya nguvu ya yule nzi hugeuzwa kuwa joto ndani ya nyuzi, na hakuna kinachobaki cha kumrusha nje. Hapo ndipo ulimbo unapomshika.

Ulimbo wenyewe ni matone madogo sana yaliyopangwa juu ya uzi kama ushanga. Una chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo haukauki haraka. Mbona basi mwenyewe hanaswi? Hutembea zaidi kwenye spoki, ambazo hazina gundi, na anapolazimika kuugusa uzi unaonata huugusa kwa ncha ya mguu tu, penye vinyweleo na mafuta yanayozuia gundi kushika.

Kwa jumla utando mmoja wa kadiri unaweza kuwa na uzi wa mita 20 hivi, na wote pamoja usifikishe uzito wa miligramu moja, ilhali mwenye kuukalia ni mzito mara mamia kuliko huo utando.

UKIKATA UZI MMOJA

Mwaka wa 2012 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Markus Buehler, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mhandisi wa Upper Hill angependa kuyasikia. Walivuta tando halisi, na wakaziiga pia kwenye kompyuta, kuona zinavyovunjika. Walichokikuta ni kwamba uzi mmoja ukivutwa kupita kiasi, unakatika huo peke yake. Utando uliobaki husimama. Siri iko katika tabia ya uzi wenyewe: mwanzoni ni mgumu, kisha hulainika na kunyumbuka, na mwishoni huwa mgumu tena. Kwa hiyo uzi uliolemewa hubeba balaa lake mwenyewe bila kuieneza kwa majirani.

Kisha wakaondoa nyuzi hapa na pale, hadi sehemu moja kwa kumi ya utando. Utando haukudhoofika. Uwezo wake wa kustahimili mzigo uliongezeka kwa kati ya asilimia 3 na 10.

Majengo yetu huundwa kwa wazo tofauti. Nguzo kuu ya jengo hairuhusiwi kuvunjika hata kidogo, kwa sababu ikivunjika mzigo wake huhamia kwa jirani, naye akalemewa, na hivyo hivyo. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuelezwa hilo na Wamarekani. Tumeona majengo ya makazi yakiporomoka yote kwa mara moja. Utando wa buibui umeundwa kupoteza sehemu ndogo ili kuokoa iliyobaki, na kila asubuhi ni kweli hupoteza: hapa pamepita nyuki mkubwa, pale limeanguka tawi kavu.

MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Basi buibui hufanyaje utando wake ukichakaa? Anaula. Naam, msomaji, anaula. Wengi wa aina hizi huukusanya utando wa jana, wakaumeza pamoja na vumbi lake, na protini yake hurudi katika tezi kutengeneza uzi wa leo. Mwaka wa 1971 mtafiti aitwaye David Peakall alionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya uzi uliomezwa hutokea tena katika utando mpya, na kwa muda mfupi sana. Ni kama mwenye kibanda cha mboga anayevunja kibanda chake jioni na kukisimamisha tena alfajiri kwa mbao zilezile.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wote huishi hivyo. Katika nyua za miiba, kwenye kayaba, mpungate na minanasi ya porini, tafuta kitu kinachofanana na chandarua kilichotandazwa ubavuni, kikiwa kimeinuliwa katikati kama hema, na juu yake nyuzi nyingi zisizo na mpango. Huyo ni Cyrtophora citricola, anayepatikana Kenya na sehemu nyingi za Afrika. Naye ni wa ukoo uleule wa tando za duara, lakini amefuata njia yake. Chandarua chake kina matundu madogo sana, hakina gundi, wala hakiliwi kila siku. Mdudu hugonga zile nyuzi za juu, akaanguka juu ya chandarua, naye buibui akamkamata kutokea chini. Utando wa namna hiyo hugharimu uzi mwingi na siku nyingi za kazi, lakini hustahimili mvua na hudumu kwa wiki nyingi. Kwa sababu hudumu, wenzake hujenga kando yake, wakishikiza nyuzi zao kwenye za jirani, hata kichaka kimoja kikawa kama mtaa.

Mmoja, basi, ni mpangaji anayehama upesi akiona biashara mbovu. Mwingine ni mwenye nyumba ya mawe. Yupi mwerevu zaidi? Mwenye kuhama hapotezi kitu akibomolewa na fagio lako, kwani keshokutwa atakuwa mahali pengine. Mwenye nyumba hupoteza akiba ya mwezi mzima. Ndiyo maana ua ukikatwa, yeye ndiye wa kwanza kutoweka.

Na huku Pwani, wasomaji wa Diani na Watamu, nyinyi mna wale wakubwa wenye uzi wa rangi ya dhahabu. Jamaa zao wa Madagascar ndio waliotoa uzi wa kitambaa kilichoonyeshwa katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History, New York, mwaka wa 2009. Simon Peers na Nicholas Godley, waliokisimamia, walihitaji buibui zaidi ya milioni moja, waliokamatwa, wakavutwa uzi kwa mkono na kuachiliwa. Kuwafuga haikuwezekana kwa njia rahisi, kwani ukiwaweka pamoja hulana.

HERUFI X

Ukibahatika, ua wa Upper Hill utakuonyesha buibui wa jamii ya Argiope. Humkosei: ana mistari ya manjano, nyeupe na nyeusi, hukaa kitovuni mchana kutwa, miguu minane akiipanga miwili miwili hadi ionekane minne. Mara nyingi kando ya miguu hiyo utando huwa na utepe mweupe, mzito, uliofumwa kwa kwenda mshazari huku na huku, wakati mwingine ukifanya herufi X.

Utepe huo ni wa nini? Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Zamani ilidhaniwa unaimarisha utando. Wengine wakasema ni wa kujificha. Mwaka wa 1983, Thomas Eisner na Stephen Nowicki walizibandika tando zisizo na utepe vipande vya karatasi vyenye umbo hilo, na tando hizo zikadumu zaidi kuliko zile zisizo na alama, kwa kuwa ndege waliziona na kuzikwepa. Mwaka wa 1990 Catherine Craig na Gary Bernard wakaja na hoja nyingine: utepe huakisi miale ambayo macho yetu hayaioni lakini ya wadudu huiona, na wadudu huvutwa nayo. Huenda kila hoja ina ukweli wake kwa aina fulani ya buibui. Mimi nawapenda zaidi Eisner na Nowicki, kwa kuwa jaribio lao mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulirudia kwa karatasi na mkasi.

Na mwanafunzi asidharau mawazo yake. Judith Miles, msichana wa shule ya upili mwenye umri wa miaka 17 kutoka Lexington, Massachusetts, alipendekeza buibui wapelekwe anga za juu kuona kama wangeweza kufuma mahali ambapo hakuna juu wala chini. Mwaka wa 1973 buibui wawili, Anita na Arabella, wakapelekwa katika kituo cha Skylab. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa ovyo. Baada ya siku chache alifuma unaokaribia ule wa duniani, ingawa unene wa uzi wake haukuwa sawasawa. Majaribio ya baadaye katika kituo cha kimataifa cha anga, yaliyochapishwa mwaka wa 2020, yalionyesha kwamba taa zikiwa zimewashwa, buibui huuchukua upande wenye mwanga kuwa ndio juu.

Tena kuna hadithi ya Peter Witt, daktari wa Ujerumani, mwaka wa 1948. Mwenzake aliyechunguza buibui alichoka kuamka usiku wa manane kuwatazama wakifuma, akamwomba dawa ya kuwabadilishia saa. Witt akawapa dawa za namna mbalimbali. Saa haikubadilika hata kidogo, lakini tando ziliharibika, na kila dawa kwa namna yake. Iliyofanya vibaya sana ni kafeini, ile iliyo katika kahawa na chai. Spoki zilikwenda kila upande, kitovu hakikuonekana. Fundi wa alfajiri haitaji kikombe cha chai!

JE, ATANIUMA?

Nalijua swali hili lingekuja, hasa kwa mama mwenye watoto wadogo. Buibui wa tando za duara wana sumu ya kuulia wadudu, lakini hawatafuti mtu. Akibanwa mkononi anaweza kuuma, na maumivu kwa kawaida hayapiti ya kuumwa na nyuki. Aliye wa kuogopwa zaidi katika nyumba na bohari zetu ni yule mdogo wa rangi ya kahawia aliye na alama nyekundu au ya machungwa chini ya tumbo, wa jamii ya Latrodectus. Utando wake hauna umbo: ni nyuzi zilizovurugana chini ya viti, nyuma ya ndoo, ndani ya viatu vilivyosahauliwa. Kwa hiyo duara lenyewe ni habari njema. Ukiliona, aliyelifuma si yule.

Na yale malengelenge ya shingoni yanayotokea asubuhi wakati wa mvua, ambayo watu husema "nimekojolewa na buibui"? Aghalabu buibui anasingiziwa. Mwenye kosa ni mdudu mwenye mistari myekundu na myeusi anayeitwa Nairobi Fly, ambaye kwa kweli si nzi bali ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hakojoi. Maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza ngozi anapopondwa. Mpulizie pumzi aondoke, usimponde.

Ndani ya nyumba, fagia dari lako bila hofu. Sina ugomvi na fagio la sebuleni. Ninaogombana nao ni wanaopuliza dawa ua mzima kwa sababu ya tando tatu. Dawa hiyo haichagui. Huua buibui, nyuki na vipepeo kwa pamoja, na wa kwanza kurudi baada ya wiki mbili ni nzi na mbu, ambao huzaana haraka kuliko wale waliokuwa wakiwala. Ukitaka kuuona utando vizuri, nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Usitumie unga, kwani gundi hufa na mwenyewe atalazimika kuanza upya.

Nyua za Upper Hill zinapungua. Kila nyumba ya zamani inapouzwa, kitu cha kwanza kinachoonekana ni uzio wa mabati, cha pili ni tingatinga, na kayaba iliyochukua miaka 60 kukua huondoka kwa asubuhi moja. Si lazima mambo yaishie hapo. Kule Chicago buibui wa tando za duara huishi nje ya madirisha ya maghorofa, juu sana, wakila wadudu wanaovutwa na taa za ofisi. Maghorofa yetu nayo yana taa na yana wadudu. Yanachokosa ni kichaka cha karibu ambacho buibui watatokea, na mlinzi au mtunza bustani aliyeambiwa kwamba pembe moja ya ua isipogolewe.

Kwa maana ndivyo wanavyosafiri. Jike wa Argiope hufunga mayai yake, kwa mamia, ndani ya kifuko cha hariri ya kahawia na kukining'iniza katikati ya matawi. Dume, aliye mdogo mara kadhaa kuliko yeye, alikuwa amekwisha kuja na kupiga hodi kwa kutikisa uzi kwa mpigo maalumu, asije akadhaniwa ni nzi. Watoto wakitoka, hukaa pamoja siku chache. Kisha, asubuhi yenye jua na upepo mwanana, hupanda ncha za matawi, wakainua matumbo na kuachilia uzi, na safari hii hawaufungi popote. Huondoka nao. Mwaka wa 1832 Charles Darwin aliona maelfu ya buibui wadogo wakitua kwenye kamba za meli yake ikiwa baharini, maili 60 hivi kutoka nchi kavu ya Amerika Kusini. Upepo wa Nairobi aghalabu hutoka mashariki, hivyo watoto wa kayaba ya Ragati hupita juu ya maegesho na mabati ya ujenzi, wakaelekea upande wa Kilimani.